India na Nepal: jinsi mpaka unavyofungwa bila tamko

Serikali ya India haijawahi kukiri kwamba mwaka 2015 iliifungia Nepal mpaka. Hakuna amri iliyochapishwa wala waziri aliyesimama bungeni kutangaza vikwazo. Lakini kuanzia wiki ya mwisho ya Septemba mwaka ule hadi mwanzoni mwa Februari 2016, malori ya mafuta, gesi na dawa yalikwama upande wa Raxaul, mji wa India ulio mpakani, na watu wa Kathmandu wakarudi kupikia kuni. Anayetaka kuelewa taifa kubwa linavyombana jirani mdogo, mimi humwambia aanzie hapo.

Kwanza jiografia. Nepal haina bahari. Kaskazini iko China, ila Himalaya imesimama katikati. Pande nyingine tatu zote ni India. Kutoka bandari ya Kolkata hadi Kathmandu ni karibu kilomita 1,000. Kutoka Tianjin, bandari ya China, ni zaidi ya 3,000, na njia inapita juu ya uwanda wa Tibet. Kontena likishushwa Kolkata hupelekwa kwa reli au lori mpaka Raxaul, huvuka mpaka kuingia Birgunj, ndipo huanza kupanda milima. Sehemu kubwa ya biashara ya nchi hupita kwenye lango hilo moja. Mfanyabiashara wa Kampala au Kigali anaijua karaha ya kutegemea bandari ya mwenzako, ila yeye Mombasa ikimchosha anaweza kujaribu Dar es Salaam. Nepal ilipokubaliwa bandari ya pili, Visakhapatnam, nayo ikawa ya India hiyohiyo.

Sheria ipo. Ibara ya 125 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari inazipa nchi zisizo na bahari haki ya kupitisha mizigo. Tatizo liko mbele kidogo katika ibara hiyohiyo: masharti ya kupita hupangwa kwa makubaliano ya nchi zinazohusika, na nchi inayopitiwa hubaki na haki ya kulinda maslahi yake. Makubaliano yakiisha muda, haki inabaki kwenye karatasi. Machi 1989 ndivyo ilivyokuwa. Mwaka uliotangulia Nepal ilikuwa imenunua silaha China, zikiwemo za kutungulia ndege. Mikataba ya biashara na ya kupitisha mizigo ilipofika mwisho, India haikuihuisha, ikafunga karibu vituo vyote vya mpakani na kuacha viwili tu.

Ya 2015 ilifanywa kwa ustadi zaidi. Nepal ilikuwa inatangaza katiba mpya tarehe 20 Septemba. India ilitaka kwanza madai ya Wamadhesi yashughulikiwe. Hawa ni watu wa nyanda za kusini, wenye ndugu na wakwe ng'ambo ya mpaka, huko Bihar na Uttar Pradesh. Siku mbili kabla ya tarehe hiyo S. Jaishankar, wakati huo katibu mkuu wa mambo ya nje, alitua Kathmandu akiwa mjumbe wa Waziri Mkuu Modi. Katiba ikatangazwa vilevile. New Delhi ikatoa taarifa fupi isiyo na hongera, na siku chache baadaye foleni za malori zikaanza kurefuka.

Wamadhesi walikuwa na malalamiko ya kweli kuhusu mipaka ya majimbo, uraia na uwakilishi bungeni, na zaidi ya watu 40 walikuwa wameshauawa katika vurugu za maandamano. Waandamanaji waliketi kwenye daraja la Miteri, kati ya Raxaul na Birgunj. Hilo liliipa India jibu la kila siku: madereva wanahofia usalama, tatizo ni la Nepal kwa Nepal. Kathmandu ikajibu kwamba malori yanazuiwa hata kwenye vituo visivyo na mwandamanaji hata mmoja. Kinachofaa kuangaliwa hapa ni jinsi kazi ilivyo rahisi. Haihitaji jeshi. Forodha ikikagua polepole, bohari ya mafuta ikichelewesha kupakia, mpaka unajifunga wenyewe, na kila afisa anaweza kusema kwa kinywa kipana kwamba anafuata utaratibu.

Pigo kubwa lilikuwa mafuta, kwa kuwa Nepal Oil Corporation, shirika la umma, ilikuwa inanunua yote kwa muuzaji mmoja, Indian Oil Corporation, na akiba ya ndani ilikuwa ndogo. Petroli ilipatikana kwa magendo: mpaka ule ni wazi, raia wa nchi hizo mbili huvuka bila pasipoti, hivyo madumu yalipita kwa baiskeli na pikipiki. Gesi ya kupikia haibebwi kwa dumu. Ndiyo maana shirika likaanza kugawa mtungi wa kilo 14.2 ukiwa nusu, yaani kilo 7.1. Haya yote yalitokea miezi michache tu baada ya tetemeko la Aprili 25, maelfu ya familia zikiwa bado kwenye mahema. Mwishoni mwa Novemba UNICEF ilionya kwamba watoto zaidi ya milioni 3 wa chini ya miaka mitano walikuwa hatarini kwa upungufu wa mafuta, chakula na dawa.

Je, shinikizo lilifaulu? Nusunusu. Katiba ilifanyiwa marekebisho Januari 2016, ila hayakuwaridhisha Wamadhesi. Upande wa pili, K.P. Oli, waziri mkuu wa Nepal wakati huo, aligeuka shujaa wa kuikataa India, akaenda Beijing Machi 2016 na kurudi na mkataba wa kupitisha mizigo China. Mkataba huo husifiwa kuliko unavyostahili. Wakati wa mgogoro China ilitoa msaada wa tani 1,000 za mafuta, jambo la kushukuru lakini dogo mno kwa nchi nzima. Kituo cha Tatopani kwenye mpaka wa China, kilichoharibiwa na tetemeko, hakikufunguliwa tena mpaka 2019. Njia ya Kerung, nyingine ya kwenda China, nayo hukatwa na maporomoko ya ardhi. Septemba mwaka huohuo Oli na Modi wakazindua bomba la mafuta la kilomita 69 kutoka Motihari hadi Amlekhgunj. Linapunguza gharama na halina foleni ya malori, lakini koki bado iko India.

Mvutano wa mpaka wa Lipulekh na Kalapani, ulioifanya Nepal ibadilishe ramani yake kikatiba Juni 2020, ndio unaopata vichwa vya habari. Mimi naangalia zaidi umeme. Nepal sasa huuza umeme wa maji, na Januari 2024 nchi hizo zilitia saini makubaliano ya megawati 10,000 katika miaka kumi. Lakini kila mradi lazima uidhinishwe na India kabla umeme wake haujavuka, na bwawa lenye mtaji au mkandarasi wa Kichina hukataliwa. Mwekezaji anayetaka kujenga kwenye mto wowote wa Nepal analijua hilo kabla ya kuagiza turbini ya kwanza.