Harufu ya choo cha boti hutoka wapi?

Mwenye boti akichoshwa na harufu ya choo, mara nyingi hukimbilia dawa yenye marashi. Siku mbili tatu harufu inarudi, safari hii imechanganyika na waridi. Sisi tunaokagua vyombo huanzia kwingine: je, tangi la maji taka linapumua?

Ndani ya tangi mna bakteria wa aina mbili. Wanaotumia oksijeni huumeng'enya uchafu bila kunuka sana. Oksijeni ikiisha, wasioihitaji hushika zamu, nao hutoa haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza. Hiyo ni sumu, na ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo usiingize kichwa kwenye tangi hata kama hunusi kitu. Bomba la hewa la tangi liwe pana, fupi, lisilo na kona za kutuamisha maji. Tundu lake la nje huzibwa na chumvi au wadudu; lipige maji kila unapoosha boti. Dawa zenye fomalini huwaua bakteria wote, wazuri na wabaya. Kwangu mimi hayo si matibabu.

Wakati mwingine tangi halina kosa. Harufu ikipanda mara tu unapopiga pampu baada ya boti kulala wiki nzima, shuku maji ya bahari yaliyobaki kwenye mpira unaovuta maji hayo hadi chooni: viumbe vidogo vimefia humo vikaoza. Pitisha maji yasiyo na chumvi kabla ya kuondoka.

Mpira wa maji taka nao huchoka. Loweka kitambaa safi kwenye maji ya moto, kikamue, kizungushie mpira mpaka kipoe, halafu toka nje ukakinuse. Kikinuka, usihangaike kuusafisha, badilisha.

Pampu ikiwa nzito, pengine ni magaga, ukoko mgumu unaojengeka ndani ya mipira mkojo unapokutana na maji ya bahari. Siki nyeupe ikipitishwa mara kwa mara huyapunguza. Klorini iache, huharibu vali za mpira.

Kuhusu kumwaga, Kiambatisho cha IV cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, ndicho kinachohusu maji taka, nacho kilianza kutumika 2003. Kinagusa meli za safari za kimataifa zenye ujazo wa tani 400 na zaidi, au zilizoidhinishwa kubeba zaidi ya watu 15. Kwa kawaida uchafu uliosagwa na kuuliwa vijidudu humwagwa zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu; ambao haukutibiwa, zaidi ya maili 12, polepole, chombo kikienda angalau maili 4 za baharini kwa saa. Boti ndogo hufuata sheria ya maji iliyomo, na mara nyingi hiyo ni kali zaidi.

Jambo moja wengi hulisahau: bakuli likiwa chini ya usawa wa maji, bahari inaweza kujivuta yenyewe hadi ndani na kuizamisha boti gatini. Funga vali ya kuingizia maji kila umalizapo. Ikiwa imekaza hata haifungiki, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya fundi, kabla ya harufu.