Kemokini CCL22, kinga ya mwili na saratani: maswali na majibu

Kemokini ni nini?

Ni protini ndogo zinazotolewa na seli ili kuziita seli za kinga zielekee mahali fulani. Seli isiyo na kipokezi kinachofaa, yaani protini ya kuupokea mwito huo, haiitiki, kama vile abiria wa Githurai anavyomsikia makanga wa Rongai na kuendelea na safari yake.

CCL22 humwita nani?

Protini hii, inayotolewa hasa na makrofaji na seli za dendriti (aina mbili za seli za kinga), huziita seli zenye kipokezi CCR4, zikiwemo seli T dhibiti, kundi la seli nyeupe za damu ziitwazo seli T, ambazo kazi yake ni kuituliza kinga isije ikaushambulia mwili wenyewe. Utulizaji huo si jambo dogo: watoto wanaozaliwa na kasoro katika jeni ya FOXP3, ambayo seli hizo haziwezi kufanya kazi bila hiyo, hupata kuhara kukali, ukurutu na kisukari wakiwa bado wachanga.

Saratani inafaidikaje?

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Mwaka 2004, watafiti nchini Marekani walieleza kwamba seli za uvimbe wa saratani ya ovari, pamoja na makrofaji yaliyouzunguka, hutoa CCL22, na kwamba seli T dhibiti zilizoitikia mwito huo ziliwazuia askari wa kinga kuua seli za saratani. Wanawake waliokuwa na seli T dhibiti kwa wingi ndani ya uvimbe waliishi muda mfupi zaidi.

Je, unga wa "kuongeza kinga" unaouzwa mjini Nairobi utasaidia?

Sioni sababu ya kuutegemea. Tatizo lililoelezwa hapo juu si uchache wa seli za kinga, bali ni aina ya seli zinazoitwa na mahali zinapoitwa, na mgonjwa anayeahirisha matibabu kwa ajili ya unga huo huupa uvimbe nafasi ya kukua.

Kuna dawa inayolenga njia hii?

Ipo mogamulizumab, kingamwili (protini ya kinga inayotumika kama dawa) inayojishika kwenye CCR4, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2012 na Marekani mwaka 2018 kwa aina chache za saratani ya seli T. Kwa kuwa hupunguza pia seli T dhibiti, huweza kusababisha vipele vikali vya ngozi, na wagonjwa wanaopandikizwa seli shina (seli zinazozalisha damu) za mtu mwingine baada ya kuitumia hukabiliwa na hatari kubwa zaidi ya seli hizo ngeni kuushambulia mwili wao.