Asali haipimwi kwa njiti ya alumeti

"Dokta, nyumbani nilishaipima, haikuyeyuka kwenye maji." Kila chupa ya asali inayotoka sokoni Kadutu hunifikia na maneno hayo. Kama umeshaipima, mama, labo umekuja kutafuta nini?

Basi tuanze na hiyo glasi ya maji na ndugu yake, njiti ya alumeti. Watu wanaamini asali safi huzama na kutulia chini, na njiti iliyochovywa ndani yake huwaka bila shida. Vipimo vyote viwili vinabahatisha uzito na unyevu tu. Havijui kama sukari imetoka kwenye ua au kwenye gunia. Shira ya sukari iliyochemshwa vizuri nayo ni nzito kuliko maji: itazama, na njiti itawaka. Mchakachuaji anayajua haya kuliko wewe, ndiyo maana anachemsha mpaka ivutike kama uzi.

Anayeumia ni mfugaji wa nyuki wa Kabare aliyevuna mapema. Asali yake ina unyevu wa asilimia 22, kwenye glasi inatawanyika, anaitwa mwizi mbele ya watu. Nyuki ndio walioitengeneza! Kosa lake ni kukata masega kabla hayajazibwa kwa nta. Asali hiyo itachacha, itatoa povu, na hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipo. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka unyevu usizidi asilimia 20, na kuupima ni kazi ya dakika moja kwa refraktometa, kifaa kidogo cha kuchungulia: tone moja kwenye kioo, funika, elekeza kwenye mwanga, soma pale buluu inapokutana na nyeupe. Chama kinachouza asali kwa madumu bila kuwa na kifaa hiki sikielewi kabisa.

Shira yenyewe hukamatwa kwa njia nyingine. Sukari ya miwa ina kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo, nyingi kuliko asali ya maua mengi. Tunalinganisha kaboni ya asali na ya protini zilizomo ndani yake, maana shira haizibadilishi protini hizo. Pengo likifika 1 kwa elfu, kuna mkono wa mtu. Shira ya mchele hupenya hapo, maana kaboni yake hufanana na ya maua; inahitaji mashine za gharama zaidi.

"Iliyoganda imetiwa sukari." Hapana. Asali yote ni sukari nyingi ndani ya maji machache, na glukosi ikizidi hujitenga na kuwa chembe. Huganda upesi zaidi kwenye nyuzi kama 14, na usiku wa Bukavu hauko mbali na hapo. Ila nakuomba, usiibandike kwenye jiko la makala! HMF, kemikali inayozaliwa asali ikipata moto, itapanda (kikomo ni miligramu 40 kwa kilo, 80 kwa asali ya nchi za joto) na kimeng'enya cha diastasi kitakufa. Maji ya moto ambayo mkono unayavumilia yanatosha kuiyeyusha.

"Chavua nyingi, asali safi." Chavua, yaani unga wa maua, inasema nyuki walikwenda wapi. Tunayeyusha gramu 10, tunazungusha kwenye sentrifuji, mashapo yanakwenda chini ya hadubini. Ya mkaratusi ina pembe tatu, ndogo. Lakini ukiichanganya asali nusu kwa nusu na shira, chavua bado imo. Na iliyokamuliwa kwa mikono pamoja na masega hujaa chavua kwa sababu ya kukamuliwa tu.

"Nyeusi ndiyo dawa." Ni kweli kwamba asali nyeusi kwa kawaida ina fenoli nyingi, kemikali zitokazo kwenye mimea, na kwenye kipimo cha DPPH, cha kupima nguvu ya antioksidanti (vinavyozuia kuharibika kwa oksijeni), hufifisha rangi ya zambarau ya dawa ya kipimo kuliko asali nyeupe. Ila moto nao huifanya nyeusi, na vilivyoungua vinaweza hata kupandisha alama ya antioksidanti. Kwa hiyo namba hiyo isomwe pamoja na HMF, kamwe peke yake. Tena kioo cha labo si mwili wa mtu: rangi kufifia hakutibu saratani. Papa mwenye kisukari naye ajue kwamba karibu asilimia 80 ya asali ni sukari.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe hata tone. Spora za botulismi, mbegu za bakteria wa sumu, hukaa hata kwenye asali safi, na cheti changu hakiziondoi.