Kwa nini baza ya piezo hulia kinyonge hata ikipewa transista kubwa?

Unganisha baza ya piezo, kile kisahani chembamba chenye nyaya mbili, na transista (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) pamoja na betri ya volti 9. Mara nyingi utapata mlio wa kinyonge, au "tik" moja kisha kimya. Wengi hudhani hapo kwamba mkondo hautoshi. Wanabadilisha transista, wanatafuta betri yenye nguvu zaidi, wanaondoa kila resista (kipande kinachopunguza mkondo) iliyo njiani, na mlio unabaki vilevile.

Dhana hiyo inatoka kwenye spika ya kawaida, na huko ni ya kweli. Spika ina koili ya waya yenye ukinzani mdogo, aghalabu omu 4 au 8, na kinachoisukuma ni mkondo unaopita kwenye koili. Piezo haina koili. Ina kauri nyembamba iliyogundishwa juu ya kisahani cha shaba, na juu ya kauri hiyo kuna tabaka la fedha. Mwaka 1880 Pierre na Jacques Curie waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake lazima kiwepo, yaani zikipewa volti zitabadilika umbo, na akina Curie wakalithibitisha jambo hilo kwa majaribio. Baza inatumia kinyume hicho.

Sasa tazama tena muundo wake: metali, kauri, metali. Kwa upande wa saketi, hiyo ni kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Kisahani chenye kipenyo cha milimita 27 huwa na takriban nanofaradi 20. Kukijaza na kukimwaga mara 4,000 kwa sekunde kwa volti 9 kunahitaji wastani wa mkondo usiofika hata miliampia 1. Transista ndogo kabisa inaumudu huo bila kupata joto. Mkondo haukuwahi kuwa tatizo.

Kasoro iko kwingine. Fikiria tangi la maji ambalo sauti yake hutokana na kupanda na kushuka kwa kina cha maji. Transista moja ni bomba la kujazia. Ukilifungua, tangi linajaa, na hapo ndipo unaposikia ile "tik". Ukilifunga, maji hayana pa kutokea, kwa hiyo yanakaa palepale. Ukilifungua mara ya pili hakuna kinachoingia, kwa kuwa tangi limejaa tayari. Hata ukiweka bomba nene kama mkono, hutabadilisha chochote. Tangi linataka tundu la kutolea maji.

Tundu rahisi kuliko yote ni resista iliyounganishwa sambamba na piezo, na thamani yake ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa masafa ya kilohezi 4, nusu ya mzunguko ni mikrosekunde 125. Resista ya kiloomu 1 pamoja na nanofaradi 20 zina muda wa tabia (kipimo cha kasi ya kujaa na kumwagika) wa mikrosekunde 20, kwa hiyo kisahani kinamwagika karibu chote kabla ya zamu inayofuata. Weka kiloomu 10 na muda huo unakuwa mikrosekunde 200. Kisahani hakijafika hata nusu ya safari na transista inakijaza tena. Gharama ya kiloomu 1 ni miliampia 9 zinazopotea kwenye resista kila transista inapofunguka, nyingi kuliko zile zinazofanya kazi yenyewe ya kulia.

Njia bora zaidi ni kusukuma pande zote mbili. Ukiwa na mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya volti 5, unganisha piezo kati ya pini mbili zinazopokezana: moja ikiwa juu, nyingine iwe chini. Badala ya kutoka 0 hadi 5, kisahani sasa kinatoka −5 hadi +5, mwendo wa volti 10. Hiyo ni nyongeza ya desibeli 6 hivi. Sikio litaitambua mara moja, ingawa halitaisikia kama kelele maradufu. Weka resista ya omu 100 au 220 kwenye waya mmoja, kwa sababu kila volti inapogeuka ghafla kapasita huvuta mkondo mkali kwa muda mfupi sana.

Wanaotaka kelele za king'ora huondoa resista sambamba na kuweka koili mahali pake. Transista inapofunga, koili hukataa mkondo wake ukatwe ghafla na kurusha makumi ya volti kwenye kisahani. Hapa angalia viwango: BC547, transista ndogo ya kawaida, imewekewa kikomo cha volti 45, na visahani vingi vina kikomo chao pia, ambacho kikipitwa kauri inaweza kupasuka au kupoteza uwezo wake. Usijaribu saketi hiyo karibu na sikio.

Lakini kabla ya kuongeza volti, shughulikia masafa na kasha. Kila kisahani kina masafa ya asili ambayo kwayo hutikisika kwa wepesi, na nje ya hayo volti nyingi huenda bure. Kikiwa kitupu mezani, mawimbi ya mbele na ya nyuma hukutana pembezoni na kufutana. Ndiyo maana kasha la plastiki lenye tundu dogo hufanya maajabu bila kutumia umeme wowote. Hewa iliyo ndani ya kasha ina masafa yake pia, hivyo tafuta masafa yenye mlio mkali kisahani kikiwa tayari kimefungwa humo, ukipanda hezi 50 kila hatua kuanzia kilohezi 2 hadi 5. Visahani vyenye nyaya tatu hurahisisha kazi hii: waya wa tatu huirudishia saketi ishara ya mtikisiko, nayo hufuata masafa ya asili hata joto likiyasogeza.