Petunia ya kuning'inia: maneno ya pepinieri na ukweli wake

Ukipita kwa wauza maua wa Lubumbashi mwezi wa saba, mvua ikiwa imesahaulika na baridi ya usiku inauma, utakuta petunia ndani ya mifuko myeusi na bidoni zilizokatwa. Uliza namna ya kupata aina mpya, ile ya kuning'inia, na kila papa wa pepinieri, yaani bustani ya miche, atakupa siri yake. Nyingi ya siri hizo ni hadithi tu.

"Zipande pamoja, rangi zitaambukizana."

Hazitaambukizana. Nyuki akitoa chavua kwenye ua jekundu akaipeleka kwenye jeupe, lile jeupe litabaki jeupe mpaka linyauke, na mche wake utaendelea kutoa maua meupe. Mchanganyiko umo ndani ya mbegu, na utauona ukiziotesha. Tena ukiwaachia nyuki kazi hiyo hutamjua baba, na asiyemjua baba hawezi kurudia alichokipata.

Kazi yenyewe ni ya vidole. Chagua ua lililokwisha kupata rangi lakini bado limejifunga, lile litakalofunguka kesho. Lipasue ubavuni kwa ukucha. Ndani utakuta stameni tano, zile nyuzi za kiume zinazobeba chavua. Ng'oa vifuko vyote vitano vya chavua kwa kibanio cha nyusi kabla havijafunguka. Kimoja kikibaki, ua linaweza kujichavusha lenyewe na jasho lako limekwenda bure. Kesho yake ile ncha ya katikati itakuwa inang'aa na kunata. Ipake chavua ya baba uliyemchagua, funga uzi wa rangi kwenye kikonyo, ngoja. Baada ya mwezi hivi kifuko cha mbegu hugeuka kahawia. Kichume kabla hakijapasuka, kwa sababu mbegu ni ndogo mno: gramu moja hubeba karibu 10,000. Kiangazi chetu kinafaa sana kwa hatua hii, maana mvua huozesha maua.

"Nyeupe na zambarau huzaa pinki."

Mara nyingi huzaa zambarau. Rangi hiyo hutokana na anthosianini, kemikali ya rangi ya mimea, na mche huitengeneza kwa hatua kadhaa, kila hatua na jeni zake, yaani maagizo ya kurithi. Jeni moja muhimu ikiharibika, ua hutoka jeupe. Mzazi wa pili akileta jeni nzima, rangi inarudi. Hata weupe wawili wanaweza kuzaa zambarau, ikiwa kila mmoja ameharibikiwa hatua tofauti, huyu akaziba pengo la yule. Asiyejua hilo humshuku jirani na nyuki wake.

"Ukiitundika juu, itajifunza kuning'inia."

Hapana. Petunia ya kusimama ukiitundika kivulini itarefuka na kulegea, basi. Kutambaa ni tabia ya kurithi. Kukata ncha kunaongeza matawi, ila hakubadilishi kitu ndani ya mbegu.

"Ni mambo ya maabara, si ya watu kama sisi."

Petunia za bustanini zilianza Ulaya miaka ya 1830, pale jamii mbili za porini kutoka Amerika Kusini zilipochanganywa: *Petunia axillaris*, nyeupe yenye harufu usiku, na *Petunia integrifolia*, ya zambarau inayopendwa na nyuki. Jeni ilikuwa haijajulikana bado. Surfinia, iliyofanya petunia za kuning'inia zijulikane duniani, ilitoka Japani mwaka 1989 kwa Suntory, kampuni ya wiski. Purple Wave, inayooteshwa kwa mbegu, nayo ilitokana na kazi ya Kirin, watengenezaji wa bia, ikapata tuzo ya Marekani ya All-America Selections mwaka 1995. Wanywaji wa bia ya Simba wa hapa mjini watacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Maabara ina sehemu yake. Petunia haina njia ya kawaida ya kutengeneza rangi kali ya chungwa, kwa sababu kimeng'enya chake, protini inayoendesha hatua moja ya kutengeneza rangi, hakikubali malighafi ya rangi hiyo. Mwaka 1987 watafiti wa Köln, Ujerumani, waliipa jeni ya mahindi, ikapata rangi hiyo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2015, mwanabiolojia Teemu Teeri aliona petunia za chungwa mjini Helsinki akashtuka, maana rangi hiyo ilitoka maabara, na mwaka 2017 zikaanza kuondolewa sokoni, Finland kwanza. Lakini hata maabara hainunui uhakika. Richard Jorgensen na Carolyn Napoli wa Marekani waliongeza jeni ya rangi ili zambarau ikolee, na mwaka 1990 wakatangaza kwamba baadhi ya maua yalitoka meupe kabisa. Mche ulikuwa umenyamazisha jeni mpya pamoja na ile yake ya asili.

"Mbegu zake zitatoa kama mama."

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Petunia nyingi za dukani ni chotara, na watoto wao hutawanyika: huyu anatambaa, yule anasimama, mwingine ana ua dogo. Tuseme unataka sifa tatu, kila moja ikitegemea jeni yake iliyojificha, ile inayoonekana tu ikitoka kwa wazazi wote wawili. Katika kizazi cha pili mche mmoja tu kati ya 64, kwa wastani, utazibeba zote. Nimeona watu wanabakiza miche kumi, tena ile iliyonenepa, halafu wanalalamika kwamba mbegu ni mbaya. Otesha mamia, mbegu zinatosha. Usizifukie, zinahitaji mwanga. Zitandaze juu ya udongo laini na uzinyunyizie taratibu.

Kisha ziache zinyeshewe. Kwa maoni yangu, mche usioona Januari ya Lubumbashi haujachaguliwa. Maua makubwa hulowa na kushikamana, madogo huinuka mapema mvua ikikatika. Anayetaka petunia ya Katanga aitafute humo, asiitafute kwenye picha za Ulaya.

"Mche mmoja mzuri tayari ni aina mpya."

Bado. Aina inatakiwa itofautiane na zilizopo, miche yake ifanane, na isibadilike kizazi hata kizazi. Kwa petunia ya vipandikizi, maana yake ni kukata matawi, kuyakuza, kuyakatia tena mengine, na kuangalia kama miche yote imebaki vilevile. Katika kukata huko virusi vya mozaiki ya tumbaku hupita kwa kisu na kwa vidole vya mvuta sigara, kwa kuwa petunia na tumbaku ni ukoo mmoja. Osha mikono kwa sabuni, kisu kipitishe kwenye maji ya javeli, na mche wenye majani ya mabaka uuchome hata ukiwa ndio mzuri kuliko yote.

Wengine huogopa kwamba kuchavusha aina ya kampuni ni wizi. Mkataba wa UPOV, ule wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, unaruhusu kuitumia aina iliyolindwa kama mzazi wa aina nyingine. Kinachohitaji idhini, katika nchi ilikosajiliwa, ni kuizalisha yenyewe kwa vipandikizi na kuiuza.