Mamajusi wa akina Medici

Mwaka 1422 Papa Martin wa Tano alimruhusu Cosimo de' Medici, mwenye benki tajiri wa Florence, Italia, na mkewe Contessina kuwa na altare ya kuhamishika. Haukuwa upendeleo mdogo, kwani zama hizo misa ilifuatwa kanisani na waliosomewa nyumbani walikuwa wachache. Cosimo alipoanza kujenga kasri lake jijini Florence mwaka 1444, chini ya msanifu Michelozzo, ndani yake kikatengwa kikanisa cha familia.

Kuta zake zilichorwa mwaka 1459 na Benozzo Gozzoli, akisimamiwa na Piero, mwana wa Cosimo. Msafara wa Mamajusi unazunguka kuta tatu, kila mfalme na ukuta wake: Kaspar kijana, Balthazar mtu mzima, Melkiori mzee. Mtoto Yesu wanayemwendea alikuwa juu ya altare, katika picha ya Filippo Lippi ambayo sasa iko Berlin. Iliyopo leo ni nakala.

Mtazame sana Kaspar na wanaomfuata. Cosimo na Piero wamo, pamoja na wakuu waliokuwa washirika wao, akiwemo kijana Galeazzo Maria Sforza wa Milano. Watu wamezoea kusema Kaspar ni Lorenzo, mjukuu wa Cosimo. Lakini Lorenzo alikuwa na umri wa miaka kumi tu wakati huo, na wataalamu wengi humtafuta miongoni mwa watoto kwenye umati. Mchoraji naye amejipenyeza humo, jina lake likiwa limeandikwa kwenye kofia. Mgeni aliyepokelewa hapa, kwa hiyo, alionyeshwa mambo mawili kwa pamoja: ibada ya wenye nyumba na ukubwa wa marafiki zao. Kwangu mimi, la pili ndilo lililogharimu zaidi.

Piero hakuwa mteja rahisi. Barua za Julai 1459 zinaonyesha kuwa baadhi ya maserafi, malaika wenye mabawa, hawakumpendeza, na Gozzoli akajibu kwamba angeweza kuwafunika kwa mawingu. Dhahabu, hata hivyo, haikupunguzwa. Ilitiwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka, ili imeremete kwa mwanga wa mishumaa katika chumba kilichokuwa na giza.

Ukoo wa Riccardi ulilinunua kasri mwaka 1659. Miaka 30 baadaye walijenga ngazi mpya, na kona moja ya kikanisa ikasogezwa ndani kuipisha. Ukuta wa Melkiori ukakatwa, na mnyama aliyempanda akagawanyika vipande viwili.