Piga picha za taa za mji kabla usiku haujaingia

Picha nyingi za mji wa ugenini zikitoka na anga jeusi na taa zilizoungua kuwa madoa meupe, kosa si la kamera. Mpigaji kachelewa. Kuna kipindi kifupi baada ya jua kuzama ambapo anga bado lina buluu nzito, na mwangaza wake unakaribiana na ule wa taa za barabarani na madirishani. Kabla yake taa hufifia mbele ya anga. Kikishapita, anga halina tena cha kutoa.

Urefu wa kipindi hicho hutegemea latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta, jambo ambalo msafiri husahau kwa urahisi. Singapore, karibu kabisa na ikweta, jua hushuka karibu wima: tangu kuzama hadi kufika nyuzi 6 chini ya upeo wa macho ni kama dakika 21 tu. London mwishoni mwa Juni hushuka kimshazari, na umbali uleule huchukua zaidi ya dakika 45. Reykjavik, Iceland, siku hizohizo jua huzama kwenye saa sita usiku na halifiki nyuzi 6 kabla ya kuchomoza tena, kwa hiyo unaweza kupiga bila haraka yoyote. Aliyezoea kula kwanza ndipo atoke na kamera, Singapore atakuta mambo yamekwisha.

Katika kushuka huko kwa nyuzi 6, mwanga wa anga hupungua zaidi ya mara mia. Karibu na ikweta ni sawa na kupungua nusu kila dakika tatu hivi. Mwanga wa taa haubadiliki. Ndiyo maana sishauri kuiachia kamera ijipangie: kila anga linapofifia itaongeza muda wa shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, na taa zitaungua. Weka kamera kwenye tripodi (stendi ya miguu mitatu), chagua mpangilio wa mkono, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), kisha tafuta muda wa shata unaofaa taa, mara nyingi sekunde chache. Uache hapohapo. Piga fremu moja kila dakika na usubiri anga lishuke lenyewe hadi lilingane na taa. Fremu bora utaijua baadaye, ukizilinganisha.

Fika mapema, walau nusu saa kabla ya machweo, ili utunge picha ukiwa unaona. Upande wa mashariki huanza kuwa giza kwanza. Ukielekea magharibi una dakika kadhaa za ziada.

Skrini ya kamera hudanganya gizani: picha yenye giza huonekana angavu. Amini histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha mgawanyo wa mwanga na giza katika picha. Zima kitulizi cha lenzi ikiwa juu ya tripodi, kwani baadhi huleta mtikisiko badala ya kuuzuia, na tumia taimu ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera. Darajani subiri magari mazito yapite. Rangi nayo usiiache otomatiki. Kelvini (kipimo cha joto la rangi) 4,000 hivi hubakisha buluu ya anga na joto kidogo la taa. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, ili urekebishe baadaye.

Maeneo mengi ya juu ya majengo hayaruhusu tripodi. Hapo laza kamera ukutani juu ya koti lililokunjwa, au panda hadi ISO 1600 na ufungue zaidi tundu la lenzi. Kama kuna dirisha, gusisha lenzi kwenye kioo na uizungushie kitambaa cheusi, la sivyo utapiga taa za chumba ulichomo.

Paris ina jambo lake. Mnara wa Eiffel wenyewe hauna kizuizi mchana, lakini mapambo ya taa zake za usiku yanalindwa na hakimiliki. Picha ya albamu yako haina shida. Ya kuuza au kutangazia biashara inahitaji idhini ya wanaousimamia. Mwenye mteja anayesubiri picha apige kabla taa hazijawaka.